Pasta ya mboga changa: mwongozo kamili, kutoka sokoni hadi sahanini

Pasta ya mboga za majira ya kuchipua ni chakula cha nusu saa, na wengi hukiharibu kwa mambo mawili tu. Mboga zote hutiwa sufuriani kwa wakati mmoja, kisha maji ya kuchemshia pasta humwagwa yote kwenye sinki. Kosa la kwanza huleta karoti ngumu kando ya zukini iliyorojeka. La pili huacha pasta kavu, ndipo mpishi anapokimbilia krimu, tomato sosi au kidonge cha supu ili kuiokoa. Humu hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Mchuzi wa pishi hili ni maji yaleyale ya pasta, mafuta, siagi na jibini, na kila mboga inapikwa kwa dakika zake.

Nyumbani kwa chakula hiki ni Italia, ambako kati ya Machi na Juni masoko hujaa asparaga, njegere, fava (aina ya maharage makubwa mapana) na zukini changa. Ile iitwayo pasta primavera ilivuma zaidi kutoka New York miaka ya 1970, kwenye mkahawa wa Le Cirque wa Sirio Maccioni, na huko ilipikwa na krimu. Krimu hufunika utamu wa njegere mbichi, na bila utamu huo hakuna sababu ya kuhangaika kumenya maganda.

Afrika Mashariki hatuna majira ya kuchipua, lakini mboga zenyewe tunazo, tena karibu mwaka mzima. Mishiri mingi (maharage machanga yanayoliwa na ganda lake) inayouzwa Ulaya wakati wa baridi hulimwa Kirinyaga na sehemu nyingine za Kenya. Lushoto na Arusha hutoa njegere, karoti na zukini zinazofika masoko ya Dar es Salaam. Kwa hiyo aliye Mombasa au Morogoro hana haja ya kutafuta asparaga ya bei ya kutisha iliyosafiri kwa ndege. Mishiri michanga hukaa vizuri kabisa mahali pake.

Vipimo vya watu 4

- Pasta fupi kavu (penne au fusili), gramu 350
- Njegere mbichi zilizomenywa, gramu 150 (karibu gramu 400 zikiwa na maganda)
- Mishiri michanga, gramu 150
- Zukini 2 ndogo, jumla gramu 250 hivi
- Karoti changa 1 ya wastani
- Vitunguu vya majani, mashina 4
- Kitunguu saumu, punje 3
- Mafuta ya zeituni, vijiko vikubwa 3
- Siagi, gramu 30
- Jibini gumu lililokomaa, gramu 60
- Limau 1
- Majani ya nanaa au mrehani, kiganja kimoja
- Pilipili manga ya kusaga papo hapo
- Maji lita 3 na chumvi ya unga vijiko vya chai 4 vilivyosawazishwa

Gramu 350 huonekana kidogo kwa aliyezoea sahani ya wali. Mboga peke yake, hata hivyo, zinakaribia gramu 700. Ukiongeza pasta hadi gramu 500 bila kuongeza mboga, utapata makaroni yenye madoa ya kijani. Asiye na mizani achukue paketi ya gramu 500 na kubakiza chini kidogo ya theluthi.

Pasta ipi

Soma upande wa nyuma wa paketi. Unatafuta neno «durum», yaani ngano ngumu. Pasta ya durum ina protini imara inayoshikilia wanga ndani, kwa hiyo huiva ikiwa bado na mkazo kidogo katikati. Spageti na makaroni nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa unga wa ngano ya kawaida ya mkate. Hizo huruka kutoka mbichi hadi uji ndani ya dakika moja au mbili, na kwenye pishi hili, ambamo pasta humalizikia kwenye karai, nafasi hiyo haitoshi. Ukilazimika kuzitumia, zitoe dakika 4 kabla ya muda ulioandikwa, na onja kila nusu dakika.

Umbo fupi lina sababu: mboga hukatwa vipande vya urefu wa penne, na kila uma hubeba vyote viwili. Spageti si haramu, ila hujifunga pamoja na kuziacha njegere zote chini ya sahani. Anayeitaka spageti akate zukini na karoti nyuzi ndefu badala ya vipande.

Sokoni

Njegere (minji kwa Wakenya) ndizo za kuchagua kwa makini kuliko zote. Sukari yake huanza kugeuka wanga tangu saa ya kuchumwa, na joto huharakisha. Ganda zuri ni la kijani kibichi, linang'aa, na ukilikunja linavunjika kwa mlio. Likitikiswa na punje zikagonga ndani kama kayamba, zimeshakomaa na zitakuwa za unga mdomoni. Za mifuko, zilizomenywa tangu asubuhi na kukaa juani, ziache hata kama zinaonekana safi. Bora njegere za kugandishwa: hizo huchemshwa kidogo na kugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa, na mara nyingi huzishinda kwa utamu njegere mbichi zilizokaa siku tatu njiani.

Mishiri iwe nyembamba isiyozidi unene wa penseli. Vunja mmoja mbele ya muuzaji: ukikatika «kwak» bila uzi, nunua. Ukiona mbegu zimevimba kwenye ganda, huo ni wa kupikia supu.

Zukini ndogo, za urefu wa shibiri moja au chini yake, zina nyama ngumu na mbegu ambazo hazijaonekana. Kubwa ni maji matupu katikati. Kabla ya kukata zote, onja kipande kidogo kibichi kutoka kila moja. Zukini ikiwa chungu kabisa, iteme na uitupe yote. Uchungu huo ni kukurbitasini, sumu ambayo moto hauiondoi.

Kwa walio Ulaya, msimu wenyewe hufupisha maamuzi. Ujerumani uvunaji wa asparaga humalizika kwa desturi tarehe 24 Juni. Kwa pishi hili nunua ya kijani. Ile nyeupe wanayoipenda Wajerumani inahitaji kumenywa yote na kuchemshwa muda mrefu, nayo hunoga zaidi ikiliwa peke yake. Ya kijani, vunja kwa mkono sehemu ya chini iliyo ngumu, kata vichwa vya urefu wa sentimita 4 uviweke mbali na mashina. Mashina hutaka dakika 3 kwenye maji, vichwa dakika moja na nusu.

Fava mbichi nazo hujaa masoko ya Italia wakati huo, na ni tamu mno zikichemshwa dakika 2 na kuvuliwa ngozi ya pili. Kuna tahadhari moja ambayo vitabu vingi vya mapishi huiruka: mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD hapaswi kula fava, kwa sababu zinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yake. Upungufu huu hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya maeneo ya malaria, pwani yetu ikiwemo. Ukiwapikia wageni, uliza kwanza.

Mboga ngapi? Nne, tano kwa shida. Kila aina inayoongezwa huhitaji muda wake wa moto, na ikifika ya saba hakuna anayeweza kusema amekula nini. Pilipili hoho na uyoga viache nje; hoho hutawala kila kitu, na uyoga hugeuza mchuzi kuwa wa kijivu.

Jibini, na swali la halali

Linalofaa zaidi ni jibini kavu lililokomaa. Parmigiano Reggiano hukaa si chini ya miezi 12 kabla ya kuuzwa, na kule kukomaa kwake ndiko huliwezesha kuyeyuka ndani ya maji ya wanga bila kuvuta nyuzi. Lakini hutengenezwa kwa kimeng'enya cha kugandishia maziwa kitokacho kwenye tumbo la ndama, na Grana Padano vilevile. Pecorino Romano hutumia cha mwanakondoo. Kwa Mwislamu anayezingatia namna mnyama alivyochinjwa, na kwa asiyekula nyama kabisa, njia ni kutafuta jibini gumu ambalo lebo yake inasema kimeng'enya ni cha vijidudu au cha mimea. Yapo, na kwa pishi hili hayapungukiwi kitu.

Nunua kipande, si unga ulio tayari kwenye kopo. Ule wa kopo kwa kawaida huchanganywa na selulosi ili usishikane, na selulosi hiyo haiyeyuki; utaihisi ulimini kama mchanga laini. Likwaruze jibini lako kwa matundu madogo kabisa ya kikwaruzo, lifanane na unga. Cheda inawezekana kwa shida: tumia gramu 40 tu, maana mafuta yake mengi hujitenga upesi. Mozarela usiitie. Itakupa kamba.

Kutayarisha kabla ya kuwasha moto

Hili pishi likishaanza halikusubiri, kwa hiyo kata kila kitu kwanza.

Menya njegere. Kata ncha za mishiri, kisha uikate vipande vya sentimita 3. Karoti ikate vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti, urefu ule ule wa penne. Ukikata miduara minene itabaki mbichi wakati mishiri imeshaiva. Zukini zipasue kwa urefu mara mbili, kisha mara mbili tena, ukate vipande vya sentimita 2. Usizitie chumvi sasa, kwani chumvi itavuta maji yake na zitagoma kukaangika. Vitunguu vya majani tenga sehemu nyeupe na ya kijani, zote zikatwe nyembamba. Kitunguu saumu kikate vipande vyembamba kwa kisu. Kile cha kutwanga huungua haraka na ladha yake huwa kali kupita mboga.

Limau lioshe vizuri, ukwaruze ganda lake la njano tu bila kugusa utando mweupe, kwani huo ni mchungu. Kamua kijiko kikubwa kimoja cha maji yake ukiweke kando. Nanaa ioshe na kuikausha, lakini usiikate mpaka mwisho, la sivyo itakuwa nyeusi kwenye kingo.

Toa siagi na jibini kwenye friji sasa hivi. Jibini la baridi kali likikutana na pasta ya moto hushikana madonge.

Hatua ya 1: maji

Chemsha lita 3 za maji sufuria ikiwa imefunikwa. Kanuni ya Waitalia ni lita 1 kwa gramu 100 za pasta na gramu 10 za chumvi kwa kila lita. Hapa tunapunguza vyote viwili kwa makusudi: maji machache hubeba wanga mzito zaidi, na kwa kuwa maji hayo yataingia kwenye mchuzi pamoja na jibini lenye chumvi yake, gramu 8 kwa lita zinatosha. Vijiko vya chai 4 vilivyosawazishwa ni takriban gramu 24. Tia chumvi maji yakishachemka. Usitie mafuta. Mafuta huelea juu, hayazuii pasta kushikana, na yale machache yanayoigusa wakati wa kuchuja huizuia kushika mchuzi.

Mahali ulipo pana maana. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Arusha karibu 95. Kampala karibu 96. Maji hayawezi kupita joto lake la kuchemka hata ukiongeza gesi, kwa hiyo pasta iliyoandikwa dakika 10 inaweza kutaka 12 Nairobi. Mboga pia ziongezee nusu dakika hadi dakika nzima. Paketi hupimwa kiwandani, ulimi wako ndio unaopima jikoni.

Hatua ya 2: mboga ngumu, kwenye maji yaleyale

Fungua sufuria na usiifunike tena. Tia karoti na mishiri pamoja, uhesabu dakika 2, kisha tia njegere, uhesabu dakika 2 nyingine. Kama njegere ni za kugandishwa, zitie dakika 1 tu kabla ya mwisho. Onja mshiri mmoja: uwe umelainika lakini haujalegea, na usitoe ule mlio wa mpira kwenye meno. Mshiri unaolia kwenye meno bado mbichi, hata kama mikahawa mingi huuita umeiva vizuri.

Toa zote kwa kijiko cha matundu, uzitandaze kwenye sinia pana, safu moja. Zikirundikwa kwenye bakuli huendelea kujipika kwa mvuke wake. Maji ya barafu yanayoelekezwa na mapishi mengi husaidia rangi, ila huloweka mboga na kuondoa sehemu ya ladha. Kwa kuwa zitaliwa ndani ya dakika 15, sinia inatosha. Maji ya sufuria usiyamwage. Ukijani wake mdogo ni faida.

Kwa nini tusifunike? Rangi ya kijani ya mboga, klorofili, hushikiliwa na magnesi. Asidi ikikutana na joto huing'oa magnesi hiyo, na mboga hugeuka rangi ya kaki. Mboga zenyewe hutoa asidi kidogo zinapochemka. Sufuria iliyo wazi huiacha iondoke na mvuke. Iliyofunikwa huirudisha ndani. Ndiyo sababu limau pia huja mwisho kabisa. Magadi, tuliyozoea kutia kwenye maharage na mboga za majani, yangelinda rangi kweli, lakini hulainisha kuta za mboga hadi zikawa kama zimetafunwa, huharibu vitamini na kuacha ladha ya sabuni. Kwa muda mfupi kama huu hayahitajiki.

Hatua ya 3: pasta na zukini kwa pamoja

Maji yakirudi kuchemka kwa nguvu, tia pasta na uikoroge kwa dakika nzima ya kwanza. Huu ndio wakati wanga wa juu unapokuwa kama gundi. Pasta isiyoshikana sasa haitashikana tena. Weka saa: muda wa paketi ukitoa dakika 2, ukiongeza za mwinuko kama upo juu.

Wakati huohuo pasha karai au kikaangio kipana kwenye moto mkali, tia kijiko kikubwa 1 cha mafuta, umwage zukini. Zitandaze, usizikoroge kwa dakika 2. Upande wa chini ukipata rangi ya dhahabu, zigeuze, uache dakika moja na nusu, tia chumvi kidogo na uzitoe kwenye sinia pamoja na wenzake. Zikijazana kwenye kikaangio kidogo zitatoa maji na kuchemka humo badala ya kukaangika. Afadhali kukaanga mara mbili.

Mwenye jiko moja tu akaange zukini kwanza kabisa, kisha aweke maji. Wakati wa kumalizia, achuje pasta, arudishe karai motoni, na aimwagie pasta iliyo kwenye chujio kijiko kimoja au viwili vya maji yake isije ikaganda inaposubiri.

Hatua ya 4: kutoa maji kabla ya kuchuja

Hapa ndipo hata wazoefu husahau. Weka kikombe kikubwa ndani ya chujio kabla hata hujatia pasta majini, ili usiweze kuchuja bila kukiona. Saa ikilia, chota maji nusu lita. Uma pasta moja katikati: uone nukta nyembamba nyeupe kwenye kiini. Kama haipo tena, umechelewa kidogo, na hatua inayofuata uifupishe. Chuja. Usiisuuze kwa maji ya bomba, kwani wanga unaotelezesha vidole ndio utakaobeba mchuzi.

Hatua ya 5: kuunganisha

Kwenye karai lilelile, moto wa wastani, tia vijiko vikubwa 2 vya mafuta vilivyobaki, sehemu nyeupe ya vitunguu vya majani na kitunguu saumu. Dakika moja na nusu, vilainike bila kupata rangi. Kitunguu saumu kikishakuwa cha kahawia, toa vyote, futa karai na uanze upya. Uchungu wake hauna dawa.

Mwaga pasta ndani, pamoja na kikombe 1 cha maji uliyochota (mililita 250). Pandisha moto hadi yachemke kwa mapovu makubwa, na uikoroge na kuirusha mfululizo kwa dakika 2. Angalia chini ya karai: mwanzo kuna maji na macho ya mafuta yanayoelea mbalimbali. Kadiri wanga unavyozidi na mwiko unavyopiga, yale macho hupotea na kimiminika huwa cheupe kizito. Pitisha mwiko katikati. Njia ikijifunga polepole, mchuzi uko tayari. Ikijifunga papo hapo, bado mwembamba. Isipojifunga, ongeza maji robo kikombe.

Tia mboga zote za sinia na majani ya kijani ya vitunguu. Geuza kwa sekunde 40 hivi, zipate moto tu.

Hatua ya 6: nje ya moto

Epua karai. Kwenye gesi kuzima hakutoshi kama chuma ni kizito, lisogeze mbali. Kwenye jiko la makaa liweke mezani juu ya kitambaa. Hesabu taratibu hadi 30. Protini za jibini zikizidi joto hukaza na kujitenga na mafuta, na hapo utapata bonge la mpira likiogelea kwenye maji. Pasta ikiwa ya moto lakini haitoi mapovu, tia siagi uikoroge hadi iyeyuke, kisha nyunyiza nusu ya jibini huku unageuza bila kusimama, halafu nusu nyingine. Ikianza kuwa nzito, ongeza maji ya wanga kijiko kimoja kimoja. Iache iwe ya majimaji kuliko unavyodhani inafaa. Njiani kuelekea mezani pasta hunywa.

Sasa ndipo ganda la limau, kijiko cha maji yake, pilipili manga, na nanaa iliyochanwa kwa mkono. Onja chumvi sasa, si kabla, kwa kuwa jibini limeshaleta yake. Pakua kwenye sahani zilizopashwa moto. Chakula hiki hakisubiri mtu aliye msalani, wala aliyesema yuko njiani.

Kikiharibika

Pasta imekauka na kushikana: haijafa. Irudishe kwenye moto mdogo na robo kikombe ya maji ya wanga, ukoroge kwa nguvu. Ndiyo maana ulichota nusu lita na si kikombe kimoja.

Kuna dimbwi la maji chini ya sahani: ama zukini hazikukaangwa bali zilichemka, ama mboga zilitoka majini bila kuchuruzishwa, ama mchuzi haukupigwa ukachanganyika. Kama bado iko karaini na jibini halijaingia, chemsha kwa moto mkali dakika moja zaidi. Jibini likishaingia usirudishe moto mkali. Ongeza jibini kidogo na ukoroge.

Jibini limefanya madonge: epua, tia vijiko 2 vya maji ya pasta yaliyopoa kidogo, piga kwa mwiko. Madonge madogo hulegea. Bonge kubwa litoe tu.

Haina ladha: mara nyingi maji hayakuwa na chumvi ya kutosha. Chumvi ya kunyunyiza mwishoni hukaa juu ya pasta na haiingii ndani, kwa hiyo usiimwage nyingi ukidhani itarekebisha. Matone zaidi ya limau na pilipili manga husaidia kuliko chumvi.

Bila jibini

Kusini mwa Italia, ambako jibini lilikuwa ghali kwa wengi, watu walinyunyizia pasta chenga za mkate zilizokaangwa, na bado ni tamu. Chukua boflo iliyolala ya gramu 60, ipukuse chenga, uikaange kwa vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya zeituni na punje moja ya kitunguu saumu, moto mdogo, dakika 4 hadi 5 huku ukikoroga, iwe ya dhahabu na kavu. Weka chumvi na ganda la limau. Badala ya siagi ongeza kijiko kikubwa 1 cha mafuta, na chenga zinyunyiziwe sahanini, si karaini, zisije zikalowa. Tui la nazi linapendekezwa mara kwa mara kama mbadala. Ni tamu, lakini utakuwa umepika mboga za nazi zenye makaroni. Limau na nanaa hazitasikika tena.

Kilichobaki

Kwenye joto letu usikiache nje zaidi ya saa 2. Kipoeshe kwenye sinia, kifunike, kiingie friji, kiliwe ndani ya siku 2. Maikrowevu hukausha pasta kingoni na kuyeyusha siagi ikajitenga; tumia kikaangio, moto mdogo, vijiko vikubwa 3 vya maji ya kawaida kwa kila sahani, na mfuniko dakika 2 za kwanza. Mboga zitakuwa zimepoteza ukijani, hilo halizuiliki. Wanaojua kuwa kitabaki huacha nusu ya mboga za sinia bila kuchanganya, wakazitia siku ya pili mwishoni kabisa.